Jinsi ya kumuuguza mwenye saratani ya kichwa na shingo: mafunzo ya India kwa familia za magharibi mwa Kenya

Saratani ya kichwa na shingo humshika mtu mahali pa kulia chakula, pa kutolea sauti na pa kutambuliwa na watu. Huanzia ulimini, kwenye ufizi, ndani ya shavu, kooni, kwenye zoloto, puani au katika tezi za mate, na mara nyingi hujionyesha kwanza kama uvimbe wa shingoni usiouma. Familia nyingi za Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, mara tu daktari anapoutaja ugonjwa huu, huanza kuzungumza juu ya India, na zina sababu ya kufanya hivyo. India hubeba takriban theluthi moja ya saratani zote za kinywa duniani, hasa kwa ajili ya tumbaku ya kutafuna, popoo na gutka, ambayo ni mchanganyiko wa hivyo viwili, kwa hiyo madaktari wake wameuzoea upasuaji huu kuliko wenzao wa nchi nyingi.

Lakini India ina jambo la pili la kutufunza. Mwaka 1993, katika mji wa Kozhikode jimboni Kerala, madaktari M. R. Rajagopal na Suresh Kumar pamoja na wenzao walianzisha chama cha kutuliza maumivu na kuwahudumia wagonjwa wasioweza kupona. Kazi hiyo ilikua hadi majirani wa kawaida, yaani walimu, wakulima, wenye maduka na wanafunzi, wakafunzwa kuwatembelea wagonjwa majumbani, na mwaka 2008 serikali ya Kerala ikaifanya kuwa sera ya jimbo zima. Jambo hilo halihitaji pasipoti. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu naona familia zikimaliza nguvu na akiba yote kwenye safari, na mgonjwa anaporudi nyumbani hakuna ajuaye kumsafisha kinywa, kumlisha kwa mpira wa kupitia puani wala kumtuliza maumivu, ilhali hiyo ndiyo kazi itakayojaza siku zake nyingi zaidi.

Kuangalia mapema na kupata majibu kamili

Kipimo cha kwanza ni muda. Donda la kinywani lisilopona kwa wiki 3, sauti iliyokwaruza kwa wiki 3 bila mafua, uvimbe wa shingoni unaokaa au kukua kwa muda huohuo, jino linalolegea bila sababu, chakula kinachokwama, damu inayotoka tundu moja la pua, au sikio linalouma upande mmoja ilhali lenyewe ni zima: lolote kati ya haya linatosha kumpeleka mtu hospitalini. Kwetu uvimbe wa shingoni mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu cha tezi, na kweli wakati mwingine ndicho. Hata hivyo, mgonjwa asianzishiwe dawa za miezi 6 kwa kukisia tu, bila uvimbe wenyewe kupimwa.

Kuangalia kinywa si kazi ya daktari peke yake. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Trivandrum, Kerala, wahudumu waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba wakiangalia vinywa vya watu kwa macho tu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Unaweza kumfanyia hivyo mzee wako aliyevuta sigara, aliyebwia ugoro au aliyekunywa chang'aa kwa miaka mingi. Mketishe karibu na dirisha, atoe meno ya bandia kama anayo, kisha umulike kwa tochi ya simu. Mwombe atoe ulimi, uushike kwa kitambaa safi na uuvute polepole upande huu na ule ili uone kingo zake, kwa maana hapo ndipo donda hupenda kujificha. Mwambie ainue ulimi uone chini yake, kisha uvute mashavu, uangalie ufizi na kaakaa. Unachotafuta ni donda, kinundu, au baka jeupe au jekundu lisilofutika kwa kitambaa.

Hospitalini daktari atachukua kipande cha nyama kwenye donda ili kipimwe maabara, au atautoboa uvimbe wa shingoni kwa sindano nyembamba. Asikubaliwe mtu yeyote kuupasua uvimbe wa shingo kabla kinywa na koo havijachunguzwa, kwa sababu chanzo mara nyingi kiko huko juu, na kidonda cha kupasua ovyo huweza kuvuruga upasuaji wa baadaye. Kisumu uchunguzi huu huanzia Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia. Popote utakapofanyika, omba majibu kwa maandishi, picha za CT kwenye diski, vile vioo vidogo vya maabara vilivyopakwa sampuli, na kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa ndani ya nta. Familia nyingi hazijui kwamba kipande hicho kipo na kwamba unaweza kukiomba. Ukikosa kukibeba, hospitali ya pili, iwe Eldoret au Mumbai, huenda ikalazimika kumkata mgonjwa upya.

Kabla ya kuchangisha nauli

Swali la kumuuliza daktari si kama India ni bora. Muulize hivi: lengo la matibabu ni kuponya au ni kumpunguzia taabu? Na ni tiba gani hasa ambayo mgonjwa huyu anaihitaji na haipatikani hapa? Tiba ya mionzi sasa ipo Eldoret na Nakuru, na dawa za kemikali hutolewa katika hospitali kadhaa za ukanda huu. Tofauti kubwa huonekana pale mgonjwa anapohitaji kuondolewa sehemu ya taya, ulimi au shavu na kujengewa upya kwa nyama au mfupa unaotolewa mkononi au mguuni. Upasuaji huo unahitaji timu iliyouzoea, na hospitali kama Tata Memorial ya Mumbai, iliyofunguliwa mwaka 1941, huufanya kila mara.

Ujuzi wa India pia unaweza kukufikia kabla hujapanda ndege. Mwaka 2015 madaktari wa Tata Memorial walichapisha utafiti wa watu wenye saratani ya kinywa iliyo katika hatua za mwanzo, waliofanyiwa upasuaji wa donda. Wale walioondolewa tezi za shingo papo hapo walikuwa hai baada ya miaka 3 kwa asilimia 80, na wale waliosubiri mpaka tezi zivimbe kwa asilimia 67.5. Kwa hiyo, mgonjwa wako akipangiwa upasuaji wa ulimi mahali popote, uliza: je, tezi za shingo zitaondolewa siku hiyohiyo, na kama sivyo, ni kwa sababu gani? Daktari mwema hatakasirika kuulizwa.

Vilevile, ikiwa saratani imerudi au imesambaa na haiwezi tena kuponywa, fahamu kwamba hospitali hiyohiyo ilijaribu dawa ya kuamsha kinga ya mwili iitwayo nivolumab kwa dozi ya miligramu 20 tu kila wiki 3, ambayo haifikii sehemu ya kumi ya dozi ya kawaida, pamoja na dawa za bei nafuu za kumeza. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 16.3 kwa waliotumia dawa za kumeza peke yake, na asilimia 43.4 kwa walioongezewa nivolumab. Walifanya hivyo kwa sababu wagonjwa wao wengi, kama wetu, hawawezi kulipia dozi kamili. Mwulize daktari wa saratani wa hapa kama njia hiyo inamfaa mgonjwa wako.

Ipo pia huduma ya mtandaoni iitwayo Navya, ambayo kupitia kwayo wataalamu wa Tata Memorial na wa muungano wa hospitali za saratani za India husoma majibu ya mgonjwa na kutoa maoni yao. Kutuma karatasi kwanza, kabla ya kumtuma mtu, ni jambo ninalolisisitiza sana. Mgonjwa aliyedhoofika, ambaye ugonjwa wake umekwisha kupita hatua ya kuponywa, anaweza kutumia miezi yake michache mizuri kwenye foleni za ugenini, mbali na wajukuu na lugha yake, kwa tiba ambayo angeipata Eldoret.

Ikiwa safari ni ya lazima

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa taratibu hubadilika. Mgonjwa huomba viza ya matibabu kwa barua ya hospitali ya India iliyokubali kumpokea, na anaruhusiwa kuandamana na watu wasiozidi wawili wenye viza ya wahudumu wa mgonjwa. Kila msafiri kutoka Kenya awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo itolewe angalau siku 10 kabla ya safari. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hugharimia matibabu ya nje kwa tiba isiyopatikana nchini tu, na kibali hutolewa kabla ya kuondoka. Ukisafiri kwanza ukaomba baadaye, usitarajie kulipwa. Jihadharini na mawakala wanaowachagulia hospitali bila hata kuyasoma majibu ya maabara.

Chagueni mwandani kwa uangalifu kuliko mnavyochagua hoteli. Mtu anayefaa ni yule atakayeweza kukaa miezi miwili au mitatu, anayestahimili kuona kidonda, na ambaye mgonjwa haoni haya kuoshwa naye. Katika wadi nyingi za India jamaa ndiye anayefanya kazi ya kulisha, kugeuza na kusafisha, akielekezwa na muuguzi, na huko ndiko atakakojifunza yote atakayoyafanya baadaye nyumbani. Aombe kufundishwa, arudie mbele ya muuguzi mpaka aaminiwe, na aandike daftarini. Kuhusu malazi, mwoneni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza. Mumbai kuna nyumba za hisani ziitwazo dharamshala, kama ile ya Sant Gadge Maharaj huko Dadar, ambazo kwa miaka mingi zimewalaza wagonjwa wa saratani na jamaa zao kwa gharama ndogo, na hata pale ambapo mgeni hapati nafasi, afisa huyo hujua nyumba nyingine za bei nafuu.

Katika fedha mtakazochangisha, wekeni kando sehemu ya kurudi kliniki, kwani katika mwaka wa kwanza baada ya matibabu mgonjwa huangaliwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kabla ya kupanda ndege, mkubaliane na daktari wa Kisumu, Eldoret au Nakuru atakayeifanya kazi hiyo.

Wiki za mionzi

Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa kawaida vipindi 30 hadi 35, yaani wiki 6 hadi 7 mfululizo. Kukatiza katikati hupunguza nguvu ya tiba, kwa hiyo ni afadhali kupanga chumba karibu na hospitali, au kumwomba ndugu au kanisa la Eldoret limpokee mgonjwa, kuliko kumsafirisha kwa matatu kutoka Busia kila Jumatatu akiwa amechoka.

Kabla ya kuanza, aonwe na daktari wa meno. Meno mabovu yang'olewe angalau wiki 2 kabla ya mionzi, kidonda kipate kufunga. Baada ya mionzi, jino lisiguswe kamwe bila daktari wa mionzi kujua, hata kama ni miaka 10 baadaye, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi kama zamani na unaweza kufa.

Wiki ya pili au ya tatu kinywa huanza kuwaka. Mate huwa mazito kama utando, ladha hupotea, ngozi ya ndani huchubuka. Hapa ndipo wengi huacha kula, na hapa ndipo kazi ya muuguzaji huonekana. Chemsha lita 1 ya maji, yapoe, kisha utie kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha soda ya kuokea. Iwe soda laini nyeupe ya kuokea keki. Magadi ya kupikia mboga ni makali mno na yatamuunguza. Asukutue na kutema kila baada ya saa 2 au 3, baada ya kula na kabla ya kulala, na maji hayo yatengenezwe upya kila siku. Mswaki uwe laini kabisa. Dawa ya kusukutua yenye kileo isiingie ndani ya nyumba. Mkiona utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, huo ni ukungu wa kinywa na una dawa yake, basi mrudisheni kliniki.

Chakula kiwe laini na kisichochoma. Uji wa wimbi ni mzuri sana, lakini bila ndimu na bila kuchachushwa; ongezeni maziwa na njugu zilizosagwa laini. Mrenda huteleza vizuri kwa anayemeza kwa shida, daktari akiwa amemruhusu kumeza. Chai iwe vuguvugu. Mpimeni uzito kila wiki, mwandike, na mkiona unashuka wiki baada ya wiki msisubiri tarehe ya kliniki. Afanye pia mazoezi ya kufungua kinywa mara kadhaa kwa siku, kwa sababu misuli ya taya hukakamaa. India huwapa wagonjwa vijiti bapa vya mbao, wakaviweka katikati ya meno na kuongeza kimoja kimoja kadiri kinywa kinavyofunguka, jambo ambalo fundi seremala wa mtaani anaweza kuwatengenezea. Ngozi ya shingo ioshwe polepole kwa maji, isipakwe dawa ya miti shamba wala mafuta yoyote ambayo kliniki haijayaruhusu, na akitoka juani ajifunike kwa leso ya pamba.

Kulisha kwa mpira

Mpira wa kupitia puani huwatisha watu, na kuna majirani watakaosema kwamba mtu akiwekwa mpira amekwisha. Wakatazeni kusema hivyo mbele yake. Wengi huwekewa mpira kwa miezi michache, wakapona na kuutoa.

Kabla ya kila mlo, nawa mikono, kisha angalia alama iliyochorwa kwenye mpira pale unapoingia puani. Kama alama imesogea, kama mgonjwa anakohoa na kukosa pumzi, au kama mpira umejikunja ndani ya kinywa, usimpe kitu. Mpira huo unaweza kuwa umeingia njia ya hewa. Ikiwa kila kitu ni sawa, mkalishe wima au mwinue kwa mito hadi nusu ya kukaa. Chomoa kisukumio cha sindano kubwa, uiunganishe na mpira, umimine mililita 30 za maji safi, halafu uji uliochujwa, mililita 200 hadi 250, ukiiinua sindano kidogo ili uji ushuke kwa uzito wake wenyewe. Usisukume. Mlo uchukue kama dakika 20, sawa na mtu anayekula kwa utaratibu, na katika dakika hizo ongea naye, mwambie ni uji wa nini, ili mlo ubaki kuwa mlo. Maliza kwa mililita 30 za maji ili mpira usizibe, na abaki ameinuka kwa angalau nusu saa.

Uji wa mpira huwa mwepesi, na wepesi huo ndio humdhoofisha mgonjwa ikiwa ni unga na maji tu. Utieni maziwa, njugu, mafuta ya kupikia kidogo, na omena waliokaushwa, wakachemshwa, wakasagwa hadi kuwa unga na kuchujwa kwa kitambaa. Milo iwe 6 hadi 8 kwa siku. Dawa za vidonge zisagwe moja moja, zikorogwe na maji na kupitishwa peke yake, lakini muulizeni mfamasia kwanza, kwani vidonge vya kuyeyuka polepole, hasa vya mofini, ile dawa kali ya maumivu, havisagwi kamwe.

Tundu la shingoni na sauti

Mgonjwa aliyetobolewa shingo ili apumue kwa kawaida huwa na mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ule wa ndani hutolewa na kusafishwa mara 2 au 3 kwa siku au zaidi makohozi yanapokuwa mengi, kwa maji yaliyochemshwa na brashi ndogo, kisha ukarudishwa. Funika tundu kwa kitambaa chepesi chenye unyevu, kwa kuwa hewa haipiti tena puani kuchujwa. Asikae jikoni penye moshi wa kuni, na asioge ziwani.

Aliyeondolewa zoloto lote hupumua kwa tundu hilo peke yake maisha yake yote. Mwandikieni kadi kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani, akae nayo mfukoni, ikisema kwamba akizirai apewe hewa kwa tundu la shingoni na wala si kwa kinywa. Mfundisheni hata kondakta wa gari analolizoea.

Kuhusu sauti, daktari Vishal Rao wa Bengaluru alishiriki kubuni kifaa kidogo cha kurudishia sauti, kiitwacho Aum, kwa bei ya rupia 50, wakati vifaa vya kuagizwa kutoka nje viliuzwa kwa maelfu ya rupia. Muulizeni daktari kama mgonjwa wenu anaweza kuwekewa kifaa cha aina hiyo. Wakati anasubiri, mpeni daftari na kalamu, au kibao na chaki, na mjifunze kungoja. Baba anapoandika, familia huwa na haraka ya kumkisia kabla hajamaliza sentensi, mwacheni amalize. Msizungumze juu yake kana kwamba kutotoa sauti ni kutosikia.

Maumivu, kidonda na harufu

Kerala haikujengwa kwa mashine kubwa, ilijengwa kwa mofini ya kunywa na watu wa kuipeleka nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwani sheria ya dawa za kulevya ya India ya mwaka 1985 iliifanya mofini iwe adimu hata kwa wagonjwa mahututi, na marekebisho yalipatikana mwaka 2014 tu, baada ya miaka mingi ya Rajagopal na wenzake kudai. Sisi tuna hospisi, yaani vituo vya kutuliza maumivu ya wagonjwa, Kisumu, Eldoret na Nakuru. Nendeni mapema, siku ile ile saratani inapothibitishwa. Hospisi humtuliza mgonjwa hata yule anayetarajiwa kupona.

Mofini hunywewa kwa saa, kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi, kwa sababu kuyazuia ni rahisi kuliko kuyafukuza. Kipimo ni cha daktari peke yake. Pamoja nayo apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Lakini akilala mno asiweze kuamshwa, au pumzi ikiwa ya polepole mno na ya kusuasua, pigeni simu mara moja. Wengi huogopa uraibu, na kwa hofu hiyo humwacha mzazi wao akiugua usiku kucha. Anayemeza mofini kwa maumivu ya saratani, chini ya uangalizi, si mraibu.

Kidonda kilichofunguka shavuni au shingoni husafishwa kwa maji ya chumvi: kijiko 1 cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Kimiminie, usikisugue. Harufu hutokana na vijidudu vinavyoishi ndani ya nyama iliyokufa, na dawa yake ni rahisi: vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyizwa kidondani baada ya kuoshwa, kwa maelekezo ya muuguzi. Funikeni kwa leso kuukuu zilizokatwa, zikafuliwa, kuchemshwa na kuanikwa juani. Nalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu harufu ndiyo inayowafukuza wageni, na mgonjwa hujua kwa nini hawaji.

Kidonda cha shingo kinaweza kutoa damu nyingi kwa ghafula. Daktari akiwaonya hivyo, wekeni taulo za rangi ya kahawia au nyeusi karibu na kitanda, zisizoonyesha wekundu, mkandamize, na mtu mmoja abaki ameushika mkono wake, asiende kutafuta msaada; wengine waende.

Kumwambia ukweli

India, kama kwetu, jamaa humvuta daktari kando na kumsihi asimwambie mgonjwa. Nia huwa njema. Lakini mtu anayeona nyama yake ikibadilika kwenye kioo anajua kuna jambo, na kumficha humwacha peke yake na ujuzi huo. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa taabu, wa Kerala hawaanzi kwa kusema, huanza kwa kuuliza. Nanyi mnaweza kufanya hivyo, saa ya utulivu, mlango umefungwa: "Baba, daktari ana majibu. Ungependa akueleze wewe mwenyewe, au azungumze nasi?" Akisema, "Ongeeni naye ninyi, mwanangu," heshimuni hilo, kisha mwulize tena siku nyingine. Akisema anataka kujua, aelezwe kwa maneno machache, na msimwache peke yake saa ile. Msimwahidi kupona, lakini mwahidini kwamba hatalala na maumivu, na mtimize.

Wengine watataja chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, au kurogwa. Si lazima kubishana na wazee. Semeni tu kwamba ugonjwa huu una dawa, na kwamba kila wiki inayopita bila dawa hiyo humpunguzia mgonjwa nafasi ya kupona. Maombi yasiwe sababu ya kuacha kipindi cha mionzi.

Kugawana kazi

Mke au binti mmoja hawezi haya yote. Kerala iligawa kazi kwa majirani, kila mmoja akitoa saa chache kwa wiki na mchango mdogo wa fedha. Chama chenu cha wanawake, jumuiya ndogo ya kanisa, au majirani wa boma wanaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja ya ratiba ukutani: nani anachuja uji Jumatatu, nani anafua vitambaa vya kidonda, nani anakaa usiku wa Alhamisi ili Mama alale, nani anafuata dawa hospisi. Mwombeni muuguzi wa hospisi aje awafunze mara moja wote kwa pamoja.

Daftari la dawa likae mahali pamoja, na kila anayempa mgonjwa dawa aandike saa na kipimo. Mofini ifungiwe kabatini, mbali na watoto. Ikibaki baada ya mgonjwa kupona au kufariki, irudisheni hospisi ilikotoka, pamoja na sindano kubwa za kulishia na kitu chochote walichowaazima.